Kusomea wanyama wa bustani wakati pori tunalo, inaingia akilini?

Huku Tanzania ukisema unasomea wanyamapori watu wanakuelewa haraka, wanawaza Mweka, chuo kilichoko huko mitelemko ya Kilimanjaro tangu 1963, wanawaza gwanda, doria na tembo. Sema unataka kusomea kutunza wanyama wa bustani uone, utaulizwa simba si wako Serengeti bure, wa kwenye banda wa nini?

Swali halali kabisa. Hela ni kidogo, tembo wanaingia mashambani kila msimu, na mnyama aliyefungiwa vibaya anateseka, unamkuta simba anazunguka palepale kutwa nzima. Anayesema vijana waende porini kwanza ana hoja.

Ila chura wa Kihansi ndo amenibadilisha mawazo. Kachura kadogo, kanazaa watoto hakatagi mayai, kaligunduliwa 1996 korongo la Kihansi kule Udzungwa na hakapo kwingine duniani, kalikuwa kanaishi kwa manyunyu ya maporomoko. Mwaka 2000 mradi wa umeme ukachukua karibu maji yote, wakafunga mabomba ya kunyunyizia lakini 2003 vyura wakaporomoka, ugonjwa wa fangasi nao ukaonekana, na 2009 wakatangazwa wametoweka porini. Waliobaki ni uzao wa wale 499 waliopelekwa Bronx Zoo kule New York mwishoni mwa 2000, na hata huko msidhani ilikuwa rahisi, kufikia Desemba 2004 walishabaki chini ya 70 kwenye bustani zote! Kilichowaokoa ni watu kukaa chini na kujifunza taa gani, unyevu kiasi gani, wadudu gani wa kuwalisha, sasa kama hiyo si fani sijui fani ni nini. 2010 vyura 100 wakarudi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, 2012 wakaanza kuachiwa korongoni.

Kinachoniuma ni kwamba chura ni wetu, utaalamu wa kumlea ikabidi ukatafutwe Marekani.

Lakini upande wa pili nao usifichwe. Faru weupe wa kaskazini wanne waliletwa hifadhi ya Ol Pejeta, Kenya, mwaka 2009 wakitokea bustani ya Dvůr Králové kule Czech, dume la mwisho, aliyeitwa Sudan, akafa 2018 na sasa wamebaki majike wawili tu, Najin na Fatu, wote wamezaliwa bustanini. Bustani iliwaweka hai miaka yote hiyo, ila porini kwao walishaisha, kwa hiyo hata wangezaana sana wangerudi wapi? Na hao vyura wa Kihansi mpaka leo wanahitaji mabomba, maji yao ya asili yanazungusha mitambo.

Ndo maana mdogo wangu akiniomba ushauri nitamwambia asome, ila akikuta kozi inayofundisha banda, chakula na dawa bila kugusa makazi ya mnyama, atafute nyingine. Na vyuo vyetu vya wanyamapori vimfundishe askari wa doria japo misingi ya kulea mnyama aliyefungiwa, maana mtoto wa tembo akiokotwa porini yeye ndo wa kwanza kukabidhiwa.