Kifaru huyo anakuja!

Niseme mapema: sina wivu na watu wanaolala nje ya duka ili wawe wa kwanza kununua mashine mpya ya gemu. Juni 2025, Nintendo walipotoa Switch 2, nilitazama video za foleni za usiku kule Marekani nikiwa ndani ya kifodi, yaani daladala, kilichokwama Mianzini, Arusha. Mimi kwenye foleni yangu, wao kwenye yao. Ndani ya siku nne ziliuzwa zaidi ya milioni tatu na nusu dunia nzima. Hongera zao. Mimi nataka kufika kwenye foleni ya banda la gemu la mtaani, na Kiswahili kinachosemwa humo.

Foleni hizo zina historia ndefu, na sehemu yake haipendezi. Tarehe 10 Februari 1988, Japani, ilipotoka gemu ya Dragon Quest III, watoto waliacha vipindi wakaenda kupanga mstari madukani, na polisi wakanasa wanafunzi karibu 300 kwa utoro. Baadaye ikazuka hadithi kwamba serikali ilitunga sheria ya kuzuia gemu hizo zisitoke siku za shule. Sheria hiyo haikuwahi kuwepo, ila hadithi bado inatembea. Novemba 2006 ikawa zamu ya PS3, yaani PlayStation 3 ya Sony, dola 499 kwa ile yenye hifadhi ndogo na 599 kwa ile yenye hifadhi kubwa, watu wakakesha nje kwenye baridi na pesa taslimu mifukoni. Majambazi hawakuhitaji kuambiwa mara mbili. Huko Connecticut mtu mmoja alipigwa risasi akiwa kwenye foleni, kwa sababu alikataa kutoa pesa. Halafu PS5, Novemba 2020, katikati ya korona, Sony wenyewe wakawaomba watu wasije madukani kabisa, kila kitu kikauzwa kwa intaneti. Foleni ikahamia kwenye skrini, na walanguzi wenye programu za kununua kwa haraka wakatangulia mbele ya kila mtu.

Sisi huku Chuga, yaani Arusha, hatumo kwenye foleni hiyo hata kwa jina. Tanzania haipo kwenye orodha ya nchi ambazo unaweza kufungulia akaunti ya PlayStation, kwa hiyo chalii (kijana) wa mtaa wa Ngarenaro akitaka akaunti inabidi ajiandikishe kama mkazi wa Afrika Kusini au Marekani. Mashine zenyewe zinatufikia zikiwa zimeshachezewa na mtu mwingine. Zamani kulikuwa na PS2 za Japani zilizotengenezwa kwa volti 100. Ukiichomeka kwenye umeme wetu wa 230 bila transfoma, unasikia harufu kabla hujaona picha. Zilizopona ziliishi sana. Sony walitangaza mwanzoni mwa 2013 kwamba hawatengenezi tena PS2, lakini Septemba mwaka huohuo gemu ya mpira ya FIFA 14 ikatoka na toleo la PS2, miezi miwili tu kabla PS4 haijaingia sokoni. Naamini kabisa kuna mtu kwenye zile ofisi za ng'ambo aliyekuwa anajua habari za mabanda yetu, ambako watu hulipia kucheza.

Foleni yetu ni ya benchi. Unalipa jero, yaani shilingi mia tano, unakaa, unasubiri pedi ya kuchezea. Mshindi anabaki, aliyefungwa anatoka na kwenda kukaa mwisho. Kwenye foleni ya kununua, mtu anasubiri akiwa kimya na simu yake, anawaza boksi. Kwenye benchi letu anayesubiri ndiye anayesema kuliko wote. Mwenye pedi hana nafasi ya kuongea, ana kazi. Wale sita nyuma yake ndio watangazaji, makocha, wapelelezi na waamuzi. Na ukikaa hapo na masikio ya mtu anayependa sarufi, utasikia mambo ambayo darasa la Kiswahili la kidato cha tano linayagusa kwa mbali tu.

Chukua kifaru. Kitabuni mambo yako wazi: mnyama ni kifaru huyu, chombo cha vita ni kifaru hiki. Vilevile ndege anayetaga mayai ni ndege huyu, na ndege ya kwenda Dar ni ndege hii. Mwanafunzi anakariri, anajibu mtihani, yamekwisha. Sasa ingia bandani wakati machalii wanacheza gemu ya vita:

"Oya, kifaru huyo anakuja! Keshatuona!"

Hakuna anayesema kifaru hicho kinakuja. Na hawa si watu wasiojua ngeli, maana dakika moja baadaye, chuma kikishalipuliwa na kubaki kinafuka moshi pale barabarani, yuleyule aliyepiga kelele anasema: "Jifiche nyuma ya hicho kifaru." Alipokuwa anatafuta roho yetu alikuwa huyo. Alipokufa kimekuwa hicho.

Nikaanza kusikiliza kwa makini zaidi, na magari nayo yako hivyohivyo. Gari lililoegeshwa ni "chukua hiyo gari" (hiyo, ndiyo, najua kamusi inataka hilo, bandani hilo halijawahi kufika). Likianza kukufukuza: "huyo nyuma yako, mgonge!" Helikopta ya polisi ikiwa imetulia juu ya paa ni hiyo. Ikikugeuzia taa, ni huyo. Hata kiambishi ka- kinatoa ushahidi. Katika mazungumzo tunasema kafika, kaondoka, kwa maana ya amefika, ameondoka, na ka- hiyo ni ya kiumbe mmoja tu. Kikombe hakiwezi ka-vunjika, kitakuwa kimevunjika. Kwa hiyo mtu akipayuka "kifaru kageuka!" ameshaamua moyoni kwamba hicho chuma kina nia.

Rafiki yangu anayefundisha Kiswahili sekondari ananipinga. Anasema huyo anayetajwa ni dereva aliyemo ndani, kifaru hakijabadilika ngeli. Hoja nzuri, ila inachechemea. Mtu angemaanisha dereva angesema "huyo wa kwenye kifaru", na sarufi yetu ina nafasi ya kutosha ya kusema hivyo. Hawa wanaweka huyo ubavuni mwa jina lenyewe. Tena sio bandani tu. Sikiliza redio siku ya ligi: Simba kashinda, Yanga amefungwa, Azam anaongoza. Wachezaji kumi na mmoja, benchi la ufundi, na maelfu ya mashabiki, wote wamekuwa mtu mmoja. Utasema Simba ni mnyama, sawa. Azam ni mnyama gani?

Shuleni tunafundishwa vigezo viwili vya kupanga ngeli, kile cha umbo la nomino na kile cha upatanisho wa kisarufi, halafu tunaulizwa kipi bora. Jibu la mtihani lina pande mbili za ubora na udhaifu, na maksi zake. Jibu la benchi ni moja: umbo la jina halina habari, tuambie kwanza kinatufuata au hakitufuati. Na hapo ndipo nilipo mimi. Wanaosema gemu zinawaharibia vijana Kiswahili wanasikiliza maneno ya mkopo, pedi na skrini na levo, wanaziba masikio. Wangesubiri kidogo wangesikia kanuni kongwe kabisa ya lugha yetu, ya kutenganisha chenye uhai na kisicho nacho, ikitumiwa papo hapo na watoto wenye jero moja mfukoni, juu ya vitu ambavyo mababu hawakuviona.

Sitaki kuwapamba kupita kiasi. Kuna "mi huwaga nachezaga na Madrid", ambayo ina alama tatu za mazoea kwenye sentensi moja. Ile -ga peke yake hainisumbui, imetoka kwenye lugha za bara na imeshajenga nyumba kuanzia Mwanza hadi Moshi. Ila hu- na -ga juu ya kitenzi kimoja ni kuvaa mikanda miwili kwenye suruali moja.

Watengenezaji wa gemu wenyewe wamewahi kukitumia Kiswahili. Mwaka 2009, katika Resident Evil 5, maadui wanaitwa Majini na wanazungumza Kiswahili, katika mji wa kubuni uitwao Kijuju. Mji huo wameuweka Afrika Magharibi. Kiswahili, Afrika Magharibi! Walihitaji sauti ya Kiafrika, wakachukua iliyokuwa karibu, basi. Machalii hawakujali jiografia. Kilichowafurahisha ni kwamba kwa mara ya kwanza adui alikuwa anawatukana wakaelewa.

Heshima kubwa zaidi ilikuja kwa wimbo. Christopher Tin, Mmarekani, alitunga Baba Yetu kwa ajili ya Civilization IV ya mwaka 2005, maneno yakiwa Sala ya Bwana kwa Kiswahili, na mwaka 2011 ukawa muziki wa kwanza uliotungiwa gemu kupata tuzo ya Grammy. Nikiusikiliza huwa nakwama kwenye maneno mawili ya kwanza. Baba ni mtu. Kwa kanuni niliyoisifu hapo juu angekuwa baba wetu, kama mwalimu wetu na mchungaji wetu. Lakini ni baba yetu, mama yangu, dada zangu, rafiki yako. Ndugu na jamaa wanachukua kimilikishi kama cha nyumba na meza, ilhali ng'ombe, ambaye hata hamna undugu, anapata ng'ombe wangu kwa heshima zote. Wanaisimu wanayo maelezo yao. Mimi ninachojua ni kwamba Arusha tumeongeza jina moja kwenye ukoo huo bila kuomba ruhusa ya mtu, maana hapa tunasema chalii yangu. Anayesema chalii wangu amekuja juzi.

Sasa hoja yangu ya vitendo. Menyu ya PS5 haina Kiswahili, na siku itakapokuwa nacho, au siku vijana wetu wanaotengeneza gemu za simu watakapoamua kuandika kwa Kiswahili tupu, kuna shimo mbele yao. Gemu haiandiki sentensi nzima kwa kila kitu kilichomo. Inaandika sentensi moja yenye pengo, halafu inachomeka jina la kitu palepale. Kwa Kiingereza kazi imeisha, kwa sababu kitenzi hakiulizi kimevunjika nini. Kwetu kinauliza. Upanga umevunjika, kisu kimevunjika, panga limevunjika, bunduki imevunjika, mikuki imevunjika. Hata idadi inaleta kelele: risasi 1 imebaki, risasi 30 zimebaki, na jina lenyewe halijatikisika. Ukiamua kutumia imevunjika kwa kila kitu ili kumaliza kazi mapema, utapata kisu imevunjika na upanga imevunjika, na ndugu zetu wa Nairobi watakuuliza tatizo liko wapi.

Dawa yake si ngumu. Kila kitu ndani ya gemu tayari kina kadi yake ya taarifa: bei, uzito, nguvu, rangi. Ongeza mstari mmoja wa ngeli, na programu ichague kiambishi kutoka hapo. Wafaransa na Wajerumani wanafanya hivyo kwa ajili ya jinsia za majina yao. Sisi mistari yetu ni mingi zaidi, lakini inahesabika, na mtoto wa darasa la sita anaweza kuijaza.

Na hapa gemu inakipita kitabu. Kitabu hakijui kama kifaru bado kinapumua. Gemu inajua, kwa sababu ndiyo inayohesabu uhai wa kila adui hadi sifuri. Kwa hiyo inaweza kufanya yale machalii wanayofanya kwa kinywa: adui akiwa hai, iandike kifaru amekuona, akishalipuka, kifaru kimeteketea. Sijaona gemu yoyote inayofanya hivyo. Ningelipa zaidi ya jero kuicheza.

Mwalimu rafiki yangu anakubali ya upanga na kisu, ya kifaru anakataa katakata, na sasa tumehamia kwenye roboti. Yeye anasema roboti hili, maroboti haya, ni mashine kama mashine nyingine. Mimi nasema roboti huyu, maroboti hawa, hasa huyo wa levo ya mwisho ambaye hakuna mtu benchini aliyemtoa. Tulianza ubishi huo umeme ulipokatika, tukaendelea ulipowashwa, na dogo mmoja aliyekuwa anasubiri zamu akatuomba tuhamie nje kwa sababu hasikii sauti.