Rada Inayostaafu Isifanywe Rula

Majaribio mengi ya mifumo ya kufuatilia ndege bila antena inayozunguka huharibika kabla mtambo haujawashwa, kwa sababu rada ile ile inayotakiwa kustaafu ndiyo inayofanywa kipimo. Alama za mfumo mpya zikiachana na za rada kwa mita 300, lawama hubebeshwa mgeni.

Piga hesabu. Rada ikikosea pembe kwa nyuzi 0.08 tu, ndege iliyo umbali wa kilomita 200 inasukumwa pembeni karibu mita 280. Antena inayomaliza mzunguko kwa sekunde 12 huikuta ndege yenye kasi ya noti 450 (kama kilomita 833 kwa saa) imeshasogea kilomita 2.8. Kipimo cha haki ni ndege ya majaribio yenye GPS iliyosahihishwa, inayorekodi mahali ilipo angalau mara moja kwa sekunde, na saa zote zifuate UTC, saa moja ya dunia nzima. Kompyuta ikichelewa nusu sekunde, umeshajitengenezea kosa la mita 115.

Katika milima ya Colorado, Marekani, ambako rada haioni mabondeni, walitandaza vituo vidogo vinavyosikiliza transponda, redio ya ndege inayojitambulisha, kwenye megahezi 1090 na kulinganisha muda wa mawimbi kufika. Nanosekunde moja ni sentimita 30 hivi, basi saa ikikosea nanosekunde 100, mita 30 zimekwenda. Ndege ikitoka nje ya eneo lililozungukwa na vituo, kosa hilo huvimba. Vituo vitatu vinatosha kama kimo kinatoka kwenye transponda. Bila hicho, vinne. Kwa hiyo zima kituo kimoja kimoja makusudi, kisha urudie njia ile ile, chini kabisa bondeni. Idadi ya vituo kwenye mkataba haisaidii kitu pale ambapo ni viwili tu vinavyosikia.

Mtego mkubwa zaidi ni GPS. ADS-B, mfumo wa redio ndani ya ndege, hutangaza mahali ambapo ndege imejipata yenyewe kwa setilaiti, na mara nyingi vituo navyo huchukua saa huko huko. Mawimbi yakivurugwa, mfumo na akiba yake huanguka pamoja. Chomoa kebo ya antena ya GPS kituoni na uangalie saa inashikilia kwa muda gani. Ya rubidiamu huvumilia kuliko ya kwatzi. Afadhali zaidi, kwa kulinganisha saa hizo, ni transponda iliyofungwa ardhini mahali palipopimwa, isikike na vituo vyote.

Binafsi navutiwa na njia iliyojaribiwa Uingereza na NATS, waongozaji ndege wa huko, pamoja na kampuni za Thales na Roke Manor: kusikiliza mwangwi wa mawimbi ya televisheni kutoka mnara wa Crystal Palace, London. Ndege iliyozima transponda bado inaonekana, na hilo ADS-B haiwezi. Lakini mawimbi yanayokuja moja kwa moja kutoka mnarani humeza mwangwi hadi yatolewe, na antena za televisheni huinamishiwa watazamaji, anga ya juu ikaambulia makombo. Na mwenye mnara akizima kwa matengenezo, je?

Njia yoyote utakayochagua, hifadhi data ghafi, si mistari ya kwenye skrini pekee. Programu ya kufuatilia ikipoteza ndege huendelea kubahatisha kwa sekunde kadhaa, na alama hupendeza kweli. Ndege imeshakata kona. Alama bado inanyoosha.