Maonyesho ya Lugogo Yatoe Medali Yenye Jina

Kila Oktoba uwanja wa Lugogo hapa Kampala hufurika watu na bidhaa za maonyesho ya biashara ya kimataifa. Siku zikiisha mabanda huvunjwa, kila mtu akashika njia yake. Mimi nataka anayefanya vizuri pale aondoke na medali ya shaba, yenye jina lake na mwaka.

Namjua mama mmoja wa Bombo, msusi wa kawa za Kinubi. Aliwahi kushinda katika maonyesho fulani, akapewa karatasi. Ameitundika ukutani karibu na dirisha. Jua limekula wino, jina halisomeki, umebaki muhuri tu. Kuiona vile kuliniuma sana.

Waliotutangulia katika mambo haya hawakuyafanyia mzaha. London, mwaka 1851, watu kama milioni 6 waliingia Crystal Palace, lile jumba la vioo, kuona maonyesho makubwa ya kimataifa. Waandaaji wakaamua medali zote ziwe za shaba, pasiwe na ya dhahabu wala ya fedha. Naupenda mno uamuzi huo, maana heshima ilitoka kwenye kazi ya mtu, si kwenye bei ya madini. Mchonga medali William Wyon alichonga sura za Malkia Victoria na mumewe Albert, na jina la mshindi likachapwa ukingoni mwa medali. Jumba lenyewe liliteketea kwa moto mwaka 1936. Medali zipo, na majina yanasomeka.

Maonyesho ya dunia ya Chicago, 1893, yalizua ugomvi juu ya medali. Mchongaji Augustus Saint-Gaudens aliweka kijana aliye uchi kwenye upande wa nyuma wa medali, wakubwa wakakataa, ukachukuliwa mchoro wa mchongaji mwingine, Charles Barber, wenye kibao cha jina la mshindi. Washindi walisubiri hadi 1896, lakini kila mmoja alipata yenye jina lake.

Uganda nayo ilipelekwa kwenye maonyesho ya Dola ya Uingereza huko Wembley, London, mwaka 1924, ndani ya banda la Afrika Mashariki. Zao letu kubwa la kuuza nje wakati huo lilikuwa pamba. Nikilifikiria banda lile, ninayemfikiria ni mkulima wa pamba hiyo.

Gharama? Chapa ya kugongea medali huchongwa mara moja, kinachobadilika ni jina na mwaka. Na kutoa medali si jambo geni kwetu: mwaka 2012, uhuru ulipotimiza miaka 50, watu walivalishwa medali za Jubilei. Wachongaji wapo, shule ya sanaa ya Makerere imewalea miaka mingi. Wapewe kazi hiyo kabla ya Oktoba ijayo, na kila mwaka medali moja ipelekwe Makumbusho ya Uganda, pale Kamwokya.