Kupima bidhaa kwa kufuata hatari sio ujanja wa kubana bajeti

Kila ukaguzi wa usalama wa chakula ukikaribia kuna ubishi unarudi. Mkaguzi kafungua faili la majibu ya maabara, anakuta bidhaa moja imepimwa kila wiki na nyingine mara mbili tu mwaka mzima, anauliza kwa nini, mtu wa QA (uhakikisho wa ubora) anajibu "tunafuata hatari", yaani yenye hatari zaidi ndio inapimwa zaidi, na hapo wengine wanaguna. Wanaona ni lugha ya kistaarabu ya kusema hela za maabara zimekatwa. Mimi nimekaa upande wa QA kiwandani miaka kadhaa na naona hii kitu inaeleweka vibaya sana, japo wanaoguna nao wana sababu zao na nitazifikia.

Tuanze na hesabu maana hapa ndio watu wanapita haraka. Chukua bechi ambayo pakiti 1 kati ya kila 100 ina Salmonella, bakteria anayeugua mtu akimla kwenye chakula. Unachukua sampuli 5, unapeleka maabara. Uwezekano wa kila sampuli kutoka safi ni 0.99, zidisha mara tano unapata kama 0.95. Yaani bechi mbovu kama hiyo zikija 100, 95 zinapita na cheti safi kabisa. Ongeza mpaka sampuli 60, idadi ambayo wataalamu wa ICMSF, tume ya kimataifa ya vijidudu vya chakula, wameiweka kwa kundi lao kali kuliko yote, bado karibu 55 kati ya 100 zinapita. Kanuni ya Ulaya ya 2073/2005 kwa maziwa ya unga ya watoto wachanga inataka sampuli 30 za gramu 25 na zote ziwe safi, na hapo bechi yetu inapita mara 74 kati ya 100. Ili uikamate kwa uhakika wa 95% unahitaji sampuli kama 300, na pakiti ukishaifungua kuipima huiuzi tena. Mimi hii hesabu nilivyoifanya mara ya kwanza niliirudia mara tatu nikidhani nimekosea, maana nilikuwa nimeshasaini mamia ya majibu ya sampuli 5 nikiamini nimelinda watu.

Ndio maana HACCP yenyewe, mfumo wa kutafuta na kudhibiti hatari kwenye kila hatua ya uzalishaji, ilizaliwa. Miaka ya 1960 kampuni ya chakula ya Pillsbury na NASA walikuwa wanatengeneza chakula cha wanaanga, wakaona wakitaka uhakika kwa kupima bidhaa ya mwisho tu watamaliza sehemu kubwa ya chakula maabara, kwaiyo wakahamia kudhibiti njia nzima ya uzalishaji.

Sasa kama sampuli ina nguvu ndogo hivyo, kuzigawa sawa kwa sawa kwa kila bidhaa ndio kuzimaliza nguvu kabisa. Una bidhaa 20, kila moja inapimwa sampuli moja kwa mwezi, jedwali linapendeza, mkaguzi anaona tiki kila kona, ila hakuna bidhaa hata moja uliyoiangalia kweli. Iliyopikwa ikiwa ndani ya pakiti yake iliyofungwa na nyama iliyopikwa alafu ikakatwa slaisi na kukaa wiki kadhaa kwenye friji haziwezi kudai sampuli sawa, kwa sababu Listeria, bakteria mwingine hatari wa chakula, inaendelea kuzaana hata kwenye baridi ya friji na hiyo nyama mlaji haipiki tena. Na usidanganyike na kitu kikavu ukakiweka chini moja kwa moja, Salmonella haizaani pakavu lakini inakaa hai miezi na miezi.

Kuna sehemu nilikuwa, ratiba yetu ilikuwa Jumatatu ya kwanza ya mwezi, asubuhi, bidhaa zote. Kila mtu kiwandani anaijua hiyo Jumatatu. Mashine zimeoshwa wikiendi nzima, sampuli inachukuliwa pakiti za mwanzo mwanzo, miezi 14 majibu safi. Tukaandika ratiba upya kwa kufuata hatari, bidhaa za slaisi zikapanda juu kabisa, na tukahamisha swabu (vijiti vya pamba vya kufutia mashine kutafuta bakteria) kwenda Alhamisi usiku shifti inapoelekea kuisha kabla ya usafi. Wiki ya tatu Listeria ikatoka kwenye mashine ya kukatia, nyuma ya ngao ya kisu, kwenye mpira wa kuzibia uliokuwa umepasuka ufa ambao huuoni mpaka uupinde kwa kidole. Pakiti za bidhaa yenyewe bado maabara ilisema safi. Nilishika ule mpira mkononi nikawaza miezi 14.

Haya, upande wa pili. Wanaotetea ratiba moja kwa wote wanasema tathmini ya hatari inaona tu kile ambacho mtu alishakifikiria. Ni kweli, na mfano wake ni mchungu: China mwaka 2008, maziwa yalikuwa yanapimwa protini kwa kupima nitrojeni, watu wakaongeza melamini, kemikali ya viwandani yenye nitrojeni nyingi, kipimo kikasoma vizuri, watoto karibu 300,000 wakaugua na 6 wakafariki. Ila na ratiba ya kila mwezi kwa kila bidhaa isingeikamata, maana nayo inapima kilekile kilichoandikwa.

Hoja yao nzito ni nyingine, nayo inaniumiza kwa sababu nimeiona. Alama ya hatari mara nyingi ni namba mbili unazozidisha, uwezekano na ukubwa wa madhara, na mtu akibadilisha 2 kuwa 1 kwenye Excel bidhaa inatoka kupimwa kila mwezi inaenda mara moja kwa mwaka, na hakuna aliyeosha wala kutengeneza chochote. Ikifanyika wiki ya bajeti unajua kabisa namba imetoka wapi. Kiwanda kidogo kisicho na mtu wa mikrobaiolojia nacho kinajaza hizo namba kwa kukisia. Kwa hao ratiba ngumu isiyobadilika ni kinga, meneja hawezi kuichezea, na kuna kiwango cha chini ambacho hata mimi nadhani kila bidhaa ikipate.

Lakini ratiba isiyobadilika inamlinda meneja mwenyewe pia, maana haimlazimishi kusoma majibu. Canada mwaka 2008, mlipuko wa Listeria kwenye nyama za slaisi za Maple Leaf Foods uliua watu 22, na uchunguzi huru uliotoka 2009 ulionyesha swabu za kiwandani zilikuwa zimeshatoa Listeria mara kwa mara kabla ya hapo, wanasafisha, wanapima tena, wanaendelea, ila hakuna aliyeyapanga hayo majibu pamoja akaona yanaelekea wapi. Kupima kulikuwepo. Kilichokosekana ni jibu moja kubadilisha kipimo kinachofuata.

Kwaiyo mkaguzi akikuta bidhaa inapimwa mara mbili kwa mwaka asiishie kwenye hiyo namba. Aulize nani aliishusha, lini, na kwa data ya miezi mingapi. Kupandisha kuwe kwa moja kwa moja, jibu likiwa baya au sapulaya akibadilika au mashine ikihamishwa, bila kusubiri kikao, ila kushusha kuhitaji sahihi ya mtu asiyeshika bajeti. Alafu aombe kuonyeshwa mara ya mwisho ratiba ilipopanda. Kwetu ule mstari upo mpaka leo, slaisi, kutoka mwezi kwenda wiki, na kwenye safu ya sababu pameandikwa "mpira wa kisu, ufa".