Anayerambaza hakukosa cha kufanya

Tangu bandari ya Lamu ianze kujengwa upande wa Manda, neno moja halikosi kila wavuvi wanapokutana na wakubwa: bahari kuu. Mvuvi, tunaambiwa, atoke huku milangoni na miambani, apewe chombo kikubwa, mashine yenye nguvu na jarife refu, ule wavu wa kutega, akavue mbali waliko samaki wengi. Hoja hiyo ina uzito wake na nitaieleza. Lakini ndani yake imejificha dhana iliyozoeleka hata haisemwi tena, kwamba mtu anayerambaza, yaani anayevua kwa kuburuta mshipi nyuma ya chombo kinachotembea, kati ya Shela na Kiwayu ni mtu aliyekosa chombo cha maana, na siku akikipata ataacha. Dhana hiyo inamdhulumu, na inaelekea kutugharimu pesa nyingi.

Kaskazi iliyopita nilitoka na ami yangu kabla jua halijachomoza. Yalikuwa maji ya bamvua, yanaanza kutoka. Nje kidogo ya Shela maji ya mlangoni, yaliyobeba mchanga na majani, hukutana na maji ya buluu ya nje, na pale yanapokutana huonekana mstari wa povu kama mtu aliyeuchora. Visamaki vidogo hujikusanya kwenye mstari huo kwa sababu mkondo unawaletea chakula, na nguru naye anajua. Ami alikuwa na mishipi miwili. Mmoja aliufunga ubavuni mwa chombo, wa pili kaupitisha kwenye kidole gumba cha mguu huku mkono uko kwenye usukani. Chambo chake hakikununuliwa dukani: ni nyuzi za gunia jeupe la plastiki zilizochambuliwa na kufungwa juu ya ndoana, mbele yake shibiri moja ya waya, maana meno ya nguru hukata nailoni kama mkasi.

Saa nzima hatukupata kitu. "Yeo mai yana nguvu mno," akasema, "ngoja yapungue." Yalipopungua, ndege membe wakaanza kushuka mbele yetu, mamia, wakipiga kelele. Mimi nikadhani tutapita katikati yao. Ami akageuza tanga tukazunguka ukingoni.

"Ami, mbona hatupiti pale kwenyewe?"

"Mwanangu, ukiwapasua watazama wote chini, sisi na wenzetu tukose."

Hatukumaliza nusu ya duara kile kidole kikavutwa. Nguru wa kwanza alifika toka kiunoni mwangu hadi chini. Alipopigwa rungu, ami akamkata matamvua papo hapo damu ikamtoka, kisha akamlaza kwenye kasha la barafu. Tulipata wanne na kolekole mmoja. Nguru wa tano alikuwa mdogo, akatolewa ndoana na kurudishwa akiwa hai. Saa nne asubuhi tulikuwa gatini, na samaki wote walikuwa na wenyewe kabla hatujafunga kamba.

Najua siku moja njema haithibitishi kitu. Zipo siku mtu hurudi na chombo kikavu, na wanaotaka bahari kuu huanzia hapo hapo. Wanasema kurambaza ni kubahatisha: nguru huja kwa msimu, akiondoka mvuvi hukaa. Jarife likitegwa jioni hufanya kazi mwenyewe akiwa amelala. Wanasema pia, na hili siwezi kulipinga, kwamba maeneo ya karibu yamesongamana. Uchimbaji wa bahari kwa ajili ya bandari uliharibu maeneo ya kuvulia upande wa Manda, na tangu gati la kwanza lifunguliwe Mei 2021 meli kubwa zina njia yake ambayo mashua haina ruhusa ya kuzubaa ndani yake. Juu ya hayo, Kenya ina haki ya bahari hadi maili 200 za baharini kutoka ufuoni, na jodari wa huko huvuliwa zaidi na meli za mataifa mengine. Kijana wa Faza au Kizingitini anayeuliza kwa nini yeye abaki kwenye maili tano za kwanza huku mgeni akivuna zilizobaki, ana haki ya kuuliza.

Shida ni kwamba mipango mingi ikishafika hapo husimama. Samaki wanahesabiwa kwa tani. Gharama ya kuwafuata haihesabiwi kwa umakini ule ule.

Tuanze na petroli. Mashine ya nguvu za farasi kumi na tano, ile ambayo karibu kila boti ya faiba huku inayo, ikikimbizwa kwa nguvu zote hula kama lita sita kwa saa. Kwenda saa mbili nje na kurudi saa mbili ni lita 24 kabla hujashusha hata ndoana moja. Septemba 2023 bei ya petroli ilipovuka shilingi 200 kwa lita, safari hiyo peke yake ilikuwa karibu shilingi 4,800, na chombo kikubwa chenye mashine kubwa hula mara kadhaa ya hiyo. Kurambaza kwa mashine nako hula petroli, nisifiche, kwa sababu chombo hakisimami. Lakini mwendo ni wa taratibu, mahali ni karibu, na upepo wa kaskazi ukiwa wa wastani tanga linatosha kabisa. Siku ile na ami hatukuwasha mashine isipokuwa kuingia gatini.

Halafu kuna fidia, na hapa ndipo ninapokosa usingizi. Tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya mradi wa bandari. Hukumu hiyo haikuzungumzia mazingira tu. Ilikubali kwamba haki yao ya utamaduni imeguswa, yaani uvuvi wa jadi si kazi ya mkono tu bali ni sehemu ya watu wenyewe. Mapatano yaliyofuata yaliigawa fidia hiyo: asilimia 65 taslimu, asilimia 35 kwa njia ya vyombo na vifaa.

Chukueni kalamu. Asilimia 35 ya bilioni 1.76 ni milioni 616. Gawanyeni kwa watu 4,600, kila mmoja anafikiwa na shilingi 134,000 hivi. Hizo hazinunui chombo cha bahari kuu, wala sehemu yake ya maana, maana mashine mpya peke yake huzidi hapo. Kwa hiyo ukitaka kumpeleka mvuvi bahari kuu kwa pesa hizi, huna budi kuunganisha mafungu ya watu makumi katika chombo kimoja. Ni nani atakuwa nahodha? Ni nani atatia mafuta mwezi wa sita kusi ikivuma na chombo kimelala? Mashine ikiharibika Kiwayu, fundi atatoka wapi, na watu 30 watakubaliana vipi nani atoe pesa ya kipuri? Nimeona vyombo vya vikundi vikiwa vizuri mwaka wa kwanza, mwaka wa tatu vimegeuzwa kivuli cha mbuzi ufuoni, na kila mwanakikundi ana maelezo yake ya nani mwenye makosa.

Geuzeni hesabu ile ile upande wa pili. Shilingi 134,000 mikononi mwa mtu mmoja anayerambaza hununua tanga jipya, mishipi, waya na ndoana za miaka, na kasha zuri la barafu, na bado zibaki za kukarabati chombo alicho nacho. Kasha la barafu nalitaja kwa makusudi. Faida kubwa ya kurambaza haiko kwenye wingi, iko kwenye hali ya samaki. Anafika chomboni akiwa hai, anatolewa damu, anapoa mara moja. Wa jarife huenda alikufa saa sita za usiku na kuvutwa alfajiri, nyama imeanza kulainika. Mama anayepika samaki wa kupaka anaijua tofauti hiyo kwa kubonyeza kidole tu, na mnunuzi wa hoteli vile vile. Bila barafu tofauti hiyo hupotea njiani, na mshipi unauzwa kwa bei ya jarife. Hata hivyo sijasikia mpango mkubwa unaoanzia kwenye barafu. Yote huanzia kwenye vyombo.

Kuna na nguru mwenyewe. Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao Ushelisheli, imekuwa ikieleza kwa miaka kadhaa kwamba nguru wa bahari hii wamepungua kupita kiasi na bado wanavuliwa kuliko wanavyoweza kuzaana. Sehemu kubwa huvuliwa kwa nyavu za kutegwa. Jike huanza kutaga akifikia miaka miwili hivi, urefu wa karibu sentimita 80, na jarife lenye macho madogo halimpi nafasi ya kufika huko. Mshipi pia hunasa wadogo, lakini anayeushika humwona samaki kabla hajafa, na anaweza kufanya alivyofanya ami. Wavu haumwachii mwenyewe uamuzi huo.

Wala jarife halichagui aina. Kasa, pomboo, nguva, wote huzama wakinaswa kwa kuwa lazima waje juu kuvuta pumzi. Maji yetu ya kaskazini, ambayo tangu 1979 yana hifadhi ya bahari ya Kiunga, ndiyo karibu kimbilio la mwisho la nguva katika Kenya. Nguva hula majani ya baharini. Hawezi kulifuata gunia jeupe lililochambuliwa hata ulipitishe mbele ya pua yake mwaka mzima.

Hapa inanibidi nijizuie, kwa sababu ni rahisi kuufanya mshipi uonekane hauna dhambi. Kusini-mashariki mwa Alaska, huko Marekani, kuna watu wanaorambaza samoni aina ya chinook kwa namna inayofanana sana na yetu: chombo kidogo, watu wawili watatu, samaki huingia mmoja mmoja, anatolewa damu, analazwa kwenye barafu. Mei 2023 jaji mmoja wa Seattle alitoa amri ambayo ingewafungia msimu. Walioshitaki walisema samoni hao wako safarini kurudi kwenye mito ya kusini, na huko kusini kuna kundi la orka, wale nyangumi weusi kwa weupe, wasiofika 80, ambao chakula chao kikuu ni chinook. Mwezi uliofuata mahakama ya rufaa ikasimamisha amri ile na watu wakaenda baharini Julai. Kuvua mmoja mmoja, kwa hiyo, hakukuwakinga. Samaki anayesafiri ana wenyewe wengi njiani, wengine si binadamu.

Nguru naye ni msafiri. Anayemrudisha mdogo nje ya Shela hana hakika kwamba hatanaswa na jarife la mtu mwingine wiki ijayo. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote dhidi ya ninayoyasema, nzito kuliko ile ya tani. Mtu anaweza kuuliza: kwa nini Lamu ijizuie wakati wengine hawajizuii? Jibu langu ni kwamba kujizuia peke yetu hakutamrejesha nguru, hilo kweli, lakini kununua majarife kwa pesa ya fidia ni kulipia mbio ambazo vyombo vikubwa vya nchi nyingine vimekwisha tushinda. Tutafika na vyombo vya kugawana watu 30 kuwania samaki ambaye tume yenyewe inasema amezidiwa.

Jambo jingine sijaliona likitajwa. Katika muongo uliopita wavuvi wa Lamu waliishi miaka mingi chini ya amri ya kutovua usiku, kwa sababu za usalama. Aliyetegemea nyavu za usiku alipoteza kazi yake yote. Anayerambaza hutoka alfajiri na kurudi mchana, kwa hiyo kazi yake ilibaki, ingawa hata yeye alisumbuliwa kwenye saa za kutoka. Mahali ambapo amri kama hiyo iliwahi kuja, na hakuna anayeweza kuahidi haitarudi, uvuvi wa mchana wa karibu una thamani ambayo hesabu ya tani haiwezi kuionyesha.

Siombi vijana wazuiwe kwenda bahari kuu. Wenye moyo huo na kikundi cha kuaminiana wapewe chombo, na wafunzwe kurambaza jodari huko huko nje kabla ya kukabidhiwa nyavu. Ninachoomba ni kwamba orodha ya vifaa isiandikwe ofisini halafu ikaletwa gatini kusainiwa. Kila mvuvi aulizwe peke yake anavua nini, wapi na kwa nini, na anayejibu "narambaza" asiandikwe kama mtu asiye na kifaa. Na kabla ya chombo chochote, barafu: Faza, Kizingitini, Kiwayu, iuzwe kwa bei ambayo mtu mwenye nguru wanne anaweza kuilipa na bado akabaki na faida.

Niliporudi kwa ami wiki ile kumsomea niliyoyaandika, alikuwa amekaa kizingitini anachambua gunia jingine, nyuzi moja moja, akizipima kwa jicho. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza kama nimeandika kuhusu waya, kwa sababu siku hizi anaoupata unashika kutu kabla ya mwezi kuisha.