Mcheza Kwao Hutunzwa, Isipokuwa Kiungo

Nilizaliwa Kirumba, mahali ambapo kelele za uwanja zilitufikia hata tukiwa tumekaa barazani, na sasa ni mwaka wa kumi na mbili ninaishi Salford, ng'ambo ya mfereji unaoutenganisha mji huu na uwanja wa Old Trafford. Ndugu wa nyumbani wanaponipigia simu huniuliza kuhusu baridi, kodi ya nyumba na mishahara, nami huwajibu kwa kadiri ninavyojua. Lakini jambo lililonifanya niyalinganishe maisha ya huku na ya kwetu kwa muda mrefu kuliko yote ni ubishi ambao niliuacha Mwanza nikaja kuukuta Uingereza: kiungo, yaani mchezaji wa katikati ya uwanja, aliyekulia katika timu ana thamani gani kwa timu hiyo, na kwa nini watu waliomwona akikua ndio wanaokuwa wepesi wa kusema hafai.

Huku ubishi huo ulikuwa na jina la Scott McTominay. Aliingia katika malezi ya Manchester United akiwa mtoto mdogo, akapanda ngazi zote za vijana, akacheza mechi yake ya kwanza katika timu ya wakubwa Mei 2017, na alipoondoka Agosti 2024 alikuwa amecheza mechi 255 na kufunga mabao 29. Katika ghala ninalofanyia kazi, Trafford Park, mapumziko ya chai hayakuwa yakiisha bila jina lake kutajwa. Walikuwapo waliosema kwamba hawezi kuupokea mpira akiwa amezungukwa na wapinzani, kwamba pasi zake ni za nyuma na pembeni, na kwamba timu inayotaka ubingwa haiwezi kumkabidhi katikati ya uwanja mtu ambaye akibanwa kidogo anamrudishia beki. Aliyewapinga alikuwa mzee mmoja ambaye amekuwa akienda uwanjani tangu enzi za kushikwa mkono na baba yake. Yeye hakukana kasoro hizo. Alichosema ni kwamba kijana amepewa kazi ya kulinda ukuta wakati kipaji chake ni kuingia ndani ya boksi kwa kuchelewa, pale ambapo mabeki wameshamsahau, na kwamba tangu makocha walipoanza kumpanga pamoja na kiungo mwenzake Fred kama viungo wa kuzuia, watu walizoea kuhesabu asichokiweza wakaacha kutazama anachokiweza.

Tarehe 7 Oktoba 2023 timu ilikuwa nyuma kwa bao moja dhidi ya Brentford, nyumbani, mpaka dakika za nyongeza. McTominay aliingia akitokea benchi akafunga mabao mawili, na mchezo ukaisha 2-1. Jumatatu yake nilidhani ubishi umekwisha pale ghalani, kumbe ndio kwanza umepata kuni. Wapinzani wake walisema ni bahati, wakaongeza kwamba timu kubwa isiyotegemea bahati haingefika dakika hizo ikiwa imefungwa. Mzee akauliza tu kama bahati inaweza kumfikisha mtu mahali panapotakiwa mara mbili katika jioni moja.

Mwaka uliofuata akauzwa Napoli ya Italia kwa takribani pauni milioni 25. Hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo kijiweni kwetu hatukuwahi kulifikiria. Klabu za Ligi Kuu ya Uingereza ziliwekewa kikomo cha hasara, pauni milioni 105 kwa miaka mitatu. Mchezaji aliyenunuliwa kwa milioni 50 kwa mkataba wa miaka mitano huandikwa katika vitabu kama gharama ya milioni 10 kila mwaka, kwa hiyo akiuzwa kabla ya mkataba kwisha, faida huhesabiwa baada ya kuondoa ile sehemu ambayo bado haijamalizika. Aliyelelewa na klabu hana bei ya kununuliwa. Akiuzwa, fedha yote ni faida. Maana yake ni kwamba kwa kanuni iliyowekwa ili zisijiharibie, klabu zimejikuta na sababu ya kuwauza kwanza watoto wao wa kuwalea. Chelsea iliwauza Mason Mount mwaka 2023 na Conor Gallagher mwaka 2024, wote viungo, wote waliokulia pale tangu utotoni. Mashabiki waligawanyika kwa kila mmoja wao, na sehemu kubwa ya mgawanyiko huo ilikuwa juu ya hesabu: je, huyu ni nguzo ya timu au ni akiba ya kuziba pengo la fedha?

Yaliyomkuta McTominay baada ya kuuzwa yanajulikana. Kocha Antonio Conte alimruhusu kupanda mbele, akafunga mabao 12 katika ligi, likiwamo lile la Mei 23, 2025 dhidi ya Cagliari alilopiga akiwa amejirusha hewani, siku ambayo Napoli ilitwaa ubingwa wake wa nne wa Italia. Alichaguliwa mchezaji bora wa ligi hiyo. Watu wa Napoli wakambatiza jina la McFratm, ambalo kwa lugha yao limebeba maana ya "ndugu yangu". Msimu huohuo Manchester United ilimaliza ya 15. Sitasema ilishuka hadi hapo kwa sababu ya kumuuza, maana timu iliyofika nafasi ya 15 huwa na maradhi mengi, na kumtwisha mtu mmoja aliyeondoka sifa ya kuwa dawa ya yote ni kukosea hesabu kwa upande wa pili. Ninachosema ni kwamba miguu iliyokwenda Napoli ni ileile. Wahenga wetu walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Kijana huyu alikuwa mwenyeji akaitwa mzigo, akavuka bahari akawa mgeni, wenyeji wakapona.

Nilipokuwa nikiwasikiliza wale wa ghalani, mawazo yangu yalirudi Nyamagana, kabla uwanja ule haujawekwa nyasi bandia. Mtaa wetu ulikuwa na timu ya daraja la chini, na katikati alicheza kaka mmoja tuliyemfahamu sote. Alfajiri alikuwa akibeba magunia ya dagaa pale soko la Mwaloni, jioni anakuja mazoezini na harufu ya ziwa ikiwa bado mwilini. Alikuwa mkata umeme wa kweli, kiungo wa kuzima mashambulizi. Hakuwa na chenga, hakuwa na pasi ya kuwainua watu vitini, lakini mpira uliopita kwake ulikuwa mchache mno, na mabeki wetu walicheza kwa utulivu bila sisi kujiuliza utulivu ule unatoka wapi. Tulimjua mama yake, tulijua nyumba yao ya vyumba viwili chini ya mawe, tulijua alipoishia kusoma. Kila alipokosea pasi, jukwaa lilimrudisha Mwaloni akabebe magunia. Mimi pia nilipiga kelele hizo, tena kwa sauti.

Msimu mmoja viongozi wakamleta kiungo kutoka ng'ambo ya ziwa, kijana mzuri, mwenye kudumbukiza mpira katikati ya mabeki kama anayepitisha uzi katika tundu la sindano. Tulimshangilia kwa haki. Lakini tulimshangilia hata alipopoteza mpira, kwa sababu tuliona alikuwa akijaribu jambo kubwa, wakati yule wa kwetu akipoteza tuliona amefika mwisho wa uwezo wake. Yule wa kwetu aliwekwa benchi, baadaye akaacha mpira bila barua wala malipo ya aina yoyote, na timu ikaanza kufungwa mabao matatu matatu. Leo ana mtumbwi wake wa injini na anaheshimika katika biashara ya samaki. Nilipokwenda likizo nilikaa naye, akanisalimia kwa furaha, hakuna lolote alilolalamikia. Mimi ndiye niliyeshindwa kulisema lile nililokuwa nimelibeba.

Nyumbani tuna neno mzawa, na tunalitumia sana tangu klabu ziliporuhusiwa kusajili wageni hadi 12. Mzawa kwetu ni mwenye pasipoti ya Tanzania. Huku kanuni inasema vingine: kikosi cha Ligi Kuu cha wachezaji 25 hakiruhusiwi kuwa na zaidi ya 17 wasiolelewa nchini, na anayehesabiwa kuwa amelelewa ni yule aliyesajiliwa na klabu za Uingereza au Wales kwa misimu mitatu kabla ya kutimiza miaka 21, awe raia wa nchi yoyote. Tofauti hii nimeifikiria sana. Kanuni yao inauliza nani alimlea. Yetu inauliza ana pasipoti ya wapi. Kwa hiyo mtoto wa Igoma aliyejifunza mpira kwenye chandimu, asiyewahi kupewa kocha, viatu wala chakula cha jioni na klabu yoyote, siku akifika Ligi Kuu anaitwa mzawa na kulinganishwa papo hapo na mtu aliyetoka katika shule ya soka tangu ana miaka 10. Akizidiwa, tunasema wazawa hawana uwezo. Manchester United imekuwa na angalau mchezaji mmoja wa malezi yake katika kila kikosi cha siku ya mechi tangu Oktoba 1937, na hata wale wa ghalani waliomkataa McTominay wanaijua rekodi hiyo na hawataki ikatike. Wanabishana juu ya kijana, hawabishani juu ya kulea.

Sisemi nyumbani hakuna mifano. Azam ilimlea Himid Mao mpaka akawa nahodha, kisha mwaka 2018 akaenda Misri kucheza soka la kulipwa, na sisi wa Mwanza tuna sababu ya ziada ya kufurahi kwa kuwa baba yake, Mao Mkami, aliwika na Pamba ya Mwanza katika nafasi hiyohiyo ya kiungo. Feisal Salum naye aliondoka Yanga kwenda Azam mwaka 2023 baada ya mvutano mrefu wa mkataba. Wako waliosema pengo lake halitaonekana, na wako waliosema Yanga imejikata mkono. Msimu wa 2023/24 Feisal alifunga mabao 19 ya ligi, mawili pungufu ya Stephane Aziz Ki aliyeongoza kwa 21, na Yanga ikachukua ubingwa. Pande zote mbili zilikuwa na ukweli mkononi. Kiungo anaweza kuwa bora na timu ikashinda bila yeye. Jambo hilo halimfanyi aliyeondoka kuwa duni, wala aliyebaki kuwa mkombozi.

Linalonisikitisha zaidi kuhusu kwetu ni karatasi. Kanuni za FIFA zinataka asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa igawiwe klabu zilizomlea mchezaji kati ya umri wa miaka 12 na 23. Timu ya mtaa ya Mabatini au Pasiansi ingeweza kununua mipira ya miaka kadhaa kwa kipande kidogo tu cha fedha hiyo, kama ingekuwa imemsajili mtoto na kutunza kumbukumbu zake. Vijana wa kanda ya ziwa wamekuwa wakipanda mabasi kwenda Dar es Salaam tangu sijazaliwa, na mara nyingi hakuna daftari linaloonyesha kwamba waliwahi kupita popote. Pamba iliporudi Ligi Kuu mwaka 2024 baada ya zaidi ya miaka 20, nilifurahi kama mtu aliyepewa habari ya ndugu aliyepotea, na matumaini yangu ni kwamba kurudi huko kutawafanya watu wa Mwanza wawe na mahali pa kumwona kiungo wao akikomaa kabla hajasafiri.

Usiku wa Novemba 18, 2025, Scotland ilipokuwa ikicheza na Denmark kutafuta nafasi ya Kombe la Dunia ambalo haikuwa imelifikia tangu 1998, McTominay alifunga kwa tikitaka dakika ya tatu, na mechi ikaisha kwa Scotland kushinda 4-2. Nilikuwa natazama na wenzangu wa ghalani. Yule aliyekuwa akimkosoa kuliko wote alinyamaza muda mrefu, halafu akasema kwamba bado hajui kupokea mpira. Mzee akamjibu kwamba ni kweli, wakaendelea kutazama. Niliupenda utulivu huo, kwa sababu hakuna aliyemtaja mama wa mchezaji wala mtaa aliotoka.

Nyumbani ilikuwa usiku wa manane lakini kaka yangu alikuwa macho. Mwanawe ana miaka 14 na anacheza kiungo katika timu moja ya vijana kule Igoma. Wiki iliyotangulia alikuwa amezomewa kwa pasi mbili zilizopotea, akarudi nyumbani akasema hataki tena kucheza katikati. Nilimwomba kaka anunue daftari kubwa la jalada gumu, aandike tarehe ya kila mechi, dakika alizocheza mtoto, mipira aliyonyang'anya na ile aliyopoteza, kisha mwalimu wa timu atie sahihi chini. Jumapili iliyofuata alinitumia picha ya ukurasa wa kwanza. Mipira iliyopotea ilikuwa 6, iliyonyang'anywa 11, na sahihi ya mwalimu ipo.