Mimi si 0,4 ya mtu

Wamarekani wameandika tena. Wanaandika kwa adabu, hilo siwezi kuwanyima. "Mpendwa Mwombaji, dosie yako haijakamilika." Mpendwa! Mtu anayekupenda haandiki mistari sita ya kukushukuru kwanza ndipo akutajie deni. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, ndipo nikaona: barua ya tatu ya mapendekezo haijafika. Na mwisho ni tarehe 15 Desemba, dakika moja kabla ya saa sita usiku, saa za New York. Hapa Lubumbashi hiyo tayari ni tarehe 16, jua limeshatoka na mama wa mikate ameshapita. Kwa hiyo sisi tumeongezewa usiku mzima bure. Usiku wenyewe mnaujua. Hauna umeme.

Niseme mapema tusije tukakosana: mimi ni ingenieri, mhandisi. Wa metalurji, mambo ya kutoa madini kwenye mawe. Miaka mitano ya masomo kwenye karatasi, mbali na ile tuliyokaa tukingoja maprofesa warudi kazini. Diplome yangu imefungwa kwenye plastiki na inakaa juu ya kabati pamoja na vyeti vya ubatizo vya nyumba nzima. Ninachoomba ni kidogo tu: nafasi ya kuendelea na masomo ya ingenieri katika chuo kimoja cha huko, ambacho sitakitaja. Mkwe hatukanwi kabla hujapewa mke.

Lakini ile fomu!

Ukurasa wa kwanza wanataka jina la kwanza na jina la mwisho. Sasa Mobutu alitufutia majina ya Kikristo mwaka 1972, tukachukua postnomu, jina la kienyeji la kuongezea. Mobutu akaenda, Wakristo wakarudi, postnomu haikwenda popote. Nani anajua inakaa wapi, kwanza au mwisho? Pasipoti yangu imeiweka huku, diplome imeiweka kule, na kompyuta yao inaamini sisi ni ndugu wawili tunaotumia barua-pepe moja. Kwenye nchi, usibonyeze Kongo ya kwanza unayoiona, utajikuta umehamia Brazzaville. Kwenye anwani niliandika ukweli, kwamba naishi komini ya Kenya. Wakaniandikia kwa heshima kuuliza: nchi uliyochagua ni Kongo, mbona anwani yako iko Kenya? Nikawajibu kwamba Kenya iko Lubumbashi. Nadhani hapo ndipo walipoanza kunitilia shaka.

Ada ya maombi ni dola 75, na wakikukataa hairudi. Nilikwenda kuziweka kwenye kadi. Yule dada wa dirishani akaiinua noti yangu juu, akaigeuza, akaona mchaniko pembeni ambao hata mimi mwenye noti sikuwahi kuuona. "Papa, hii haipite." Dola ya Marekani inayokwenda Marekani kwa Wamarekani wenyewe, imekwama Lubumbashi kwa sababu ya pembe.

Mtihani wa Kiingereza nao nimeufanya. Nilivaa vile vya masikioni, kompyuta ikaniuliza napenda kupumzikia wapi, nikapewa sekunde 15 za kufikiri na 45 za kujibu. Sekunde 45! Kwetu hapo hata salamu haijafika kwenye afya ya watoto. Nilikuwa bado namshukuru mwuliza swali wakati muda unakatika.

Na kote, yaani alama za chuoni? Nimemaliza na asilimia 68. Ninyi mliosoma hapa mnaelewa asilimia 68 ni kitu gani. Ni satisfaksio nzito, imebakiza mbili tu iwe distinksio, tena kwa maprofesa wetu, ambao katika alama 20, 20 yenyewe ni ya Mungu, 19 ya mwenye kuandika kitabu, 18 ya profesa mwenyewe, na wanafunzi mnapigania mabaki. Mama alichinja kuku. Nikaiingiza 68 kwenye fomu, kisanduku kikawa chekundu. Fomu inaniuliza kama nina uhakika.

Lakini hayo yote nimeyameza. Tuje kwenye barua ya tatu.

Barua mbili zilikwenda bila matata. Moja ya asistanti ambaye siku hizi yuko migodini Kolwezi. Alijibu kwa simu akiwa anakula. Ya pili ya mkubwa wa labo. Ya tatu ilikuwa ya Profesa. Jina silitaji, aliyepita mikononi mwake ameshamjua. Nilimtumia kiungo cha mtandaoni, kimya. Nikatuma tena, kimya. Hatimaye Jumapili baada ya misa nikachukua kilo mbili za sukari, nikapanda pikipiki hadi kwake Bel-Air.

Nikamkuta chini ya mwembe, singleti juu, suruali ya suti chini, anasahihisha makopi ya egzame (karatasi za mtihani) ambayo kwa rangi yake nadhani wenyewe wameshaoa. Nikapiga salamu, Mama Profesa akapokea sukari, nikakaa pale nilipoonyeshwa. Profesa akanitazama juu ya miwani.

"Nilikupatiaka ngapi?"

"Kumi na mbili, Profesa."

"Kumi na mbili na nusu. Usijiibie."

Nikajiona nimepokelewa. Kumbe ndiyo tunaanza.

Barua-pepe ya Profesa haifunguliwi na Profesa. Neno la siri analo binti yake, aliyeolewa Likasi. Binti akapigiwa, kwa yunite zangu, yaani salio langu la simu. Binti akasema papa, neno la siri ni jina la mbwa wetu. Profesa akashusha simu. Mbwa alikufa. Tukakaa kimya pale chini ya mwembe kwa ajili ya mbwa, na mimi nikainamisha kichwa, ingawa mbwa huyo tulipokuwa wanafunzi aliwahi kunipandisha ukutani.

Sanduku likafunguka, kwa mega zangu za intaneti. Barua elfu na elfu ambazo hazijasomwa. Nikamwonyesha yangu. Hapana, Profesa ni mtu wa utaratibu, kaanza juu. Kasoma tangazo la viatu. Kasoma mwaliko wa kongamano lililokwisha. Kuna mtu wa Dubai anasema Profesa amerithi. "Huyu ni nani?" Nikamwambia ni mwizi, Profesa. "Lakini Kifaransa yake iko muzuri." Na mega zinakwenda. Nazisikia zikienda.

Kuhusu barua yenyewe, alikuwa amesema zamani: andika mwenyewe, mimi nitasaini. Na mimi nilikuwa nimeandika. Niliandika kama mtu anayetaka kuondoka. Kwamba mji wangu ulianza kuyeyusha shaba mwaka 1911, kwamba nataka kusoma namna ya kutoa kobalti na jermaniumu kwenye ile terili yetu, kilima cha mabaki ya shaba kinachoonekana mji mzima, na kwamba mimi ni "mwanafunzi bora kuliko wote ambao nimewahi kuwafundisha". Profesa akaomba biro nyekundu. Mwaka 1911 akaupita bila neno. Terili akaipita. Kwenye "bora kuliko wote" akasimama.

"Bora, kwa kipimo gani?"

Akaikata. Juu yake akaandika: "Mwanafunzi huyu alihudhuria." Nikambembeleza. Mama Profesa akabembeleza kutoka jikoni. Tukafika kwenye "alihudhuria kwa moyo". Hapo akagoma.

Basi, nikasema, tuweke, tusaini, twende. Kumbe Wamarekani baada ya barua wana jedwali. Wanataka profesa abonyeze: je, ukimlinganisha na wenzake, mwombaji huyu yuko katika asilimia 1 ya juu, 5, 10, 25, au 50? Nikasema kwa sauti ya chini, Profesa, hapa kwa kawaida watu wanaweka 1.

Nilimwambia nani! Mtu aliyefundisha termodinamiki maisha yake yote. Akavuta karatasi, aanze na promosheni, yaani darasa letu la mwaka ule.

"Promosheni yenu mulikuwaka wangapi?"

"Arobaini, Profesa."

"Asilimia 1 ya 40 ni 0,4." Akaizungushia duara. "Sasa weye uko mutu muzima, ao uko 0,4 ya mutu?"

"Mtu mzima, Profesa."

"Basi huwezi kuingia mule."

Tukashuka kwenye 5. "Batu bawili. Bale bawili nabakumbuka, balikupitaka mbali." Sikubisha, mmoja wao sasa yuko Ubelgiji. Kwenye 10: "Batu bane. Weye ulikuwa wa ngapi?"

Hapa ningeweza kusema chochote. Lakini mtu hamdanganyi profesa wake chini ya mwembe wake mwenyewe, mbele ya makopi. "Wa tano, Profesa."

"Wa tano, tena mulifungana na ule mutoto wa Likasi." Akabonyeza 25.

Nikapiga magoti, karibu. Nikamwambia: Profesa, huko dunia nzima wanaweka 1, wote, Wahindi, Wachina, wote. Akavua miwani kabisa.

"Bote? Bote banaweza aje kuwa mu asilimia moja?"

Nimelifikiria swali hili kwa siku kadhaa, sijapata jibu. Ndiyo maana yeye ni profesa.

Ikaja mistari mingine. Ubunifu: pembeni kulikuwa na kisanduku cha "sina msingi wa kupima", akakipenda sana, akakibonyeza hata mahali ambapo hakikuhitajika. Uongozi: nikachangamka, nikamkumbusha kwamba nilikuwa CP, kiongozi wa promosheni. "Ah! Njo weye mwenye ulikuja kuniomba nisongeshe egzame?" Uongozi wangu akauweka kwenye 50. Tulisongeshewa siku mbili tu, jamani, na watu wote walifaidi, na mwenye kulipa leo ni mimi peke yangu.

Basi akamaliza. Akatafuta kidole cha kubonyezea "tuma". Akabonyeza. Duara likazunguka, likazunguka. Mega zimeisha.

Nikatoka mbio hadi kwa kijana wa yunite kwenye kona, ambaye alikuwa amefunga akaenda kuangalia mpira wa Mazembe, nikaenda kona ya pili. Niliporudi, Profesa alikuwa amelala, na Mama Profesa ananiambia muzee akilala Jumapili haamshwi hata na rekteri. Ukurasa nao ukawa umejifunga, majibu yote yamefutika. Kesho yake alfajiri akaenda Kolwezi kwenye juri ya mitihani. Leo asubuhi, baada ya ile "Mpendwa Mwombaji", nimempigia. Akafurahi kunisikia. Akasema amekaa akafikiri vizuri kuhusu promosheni yetu, hatukuwa 40, tulikuwa 42, kwa hiyo ile asilimia 10 sasa ni 4,2. "Umesogea kidogo," akaniambia.

Nimesogea!

Jana usiku nilikaa nje, umeme hakuna, nikawa natazama malori yakienda mpakani Kasumbalesa. Kobalti inapita. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka nchi hii, na hakuna mtu anayeiuliza postnomu yake. Haina barua ya mapendekezo hata moja. Haijaulizwa inapenda kupumzikia wapi. Haikuambiwa 68 ni nyekundu. Inapita tu, inafika, inapokelewa, inaingia kwenye simu ya kijana wa huko, ambaye ataitumia kujaza fomu ileile kwa dakika chache huku amelala, na profesa wake ataweka 1. Na mimi niliyesomeshwa namna ya kuitoa kwenye jiwe niko hapa nang'ang'ania ile 0,2 ya mtu wa tano. Hapana, acha. Nikiendelea nitatukana, na kuna watoto.

Na mtaani nani amewaambia? Sikumwambia mtu. Lakini kila anayepita: "Ingenieri, bado hujaenda tu?" Pasta ameshaniwekea Jumapili ya ushuhuda. Mwenye nyumba ameanza kuonyesha chumba changu kwa wengine. Na tatizo la kuitwa ingenieri hapa kwetu ni kwamba hakuna anayeuliza wa nini. Nimeletewa pasi. Nimeletewa redio, jenereta, na jino la dhahabu kuulizwa kama ni dhahabu (hilo angalau ni la fani yangu, na halikuwa dhahabu, na mpaka leo yule bwana hanisalimii).

Mama Mukubwa wa Katuba ndiye amezidi. Aliniita kwa haraka, nikadhani kuna msiba. Kumbe frigo, jokofu lake. Nikaifungua: ndani kuna unga wa bukari, viatu vya mjukuu na makala (mkaa), maana haijapoa tangu sijui lini. Nikainama nyuma na kibisibisi, ingenieri mzima, nikamwambia ni motere, imeungua, inahitaji nyingine. Akafurahi. Akasema basi hakuna tabu, utaniletea moja ukienda Marekani. Nikamweleza taratibu kwamba kule umeme wao ni wa volti 120, huku wetu, ule siku unapokuja, ni 220, kwa hiyo motere ya kule ikifika hapa itaungua siku hiyohiyo.

Akanitazama kwa huruma kubwa.

"Sasa kule unaenda kusoma nini?"

Na hata chai hakunipa. Alisema sukari imeisha.